Forester ya Kawaida au ya Turbo? Namna ya Kuamua Ukiwa Unaendesha Nyanda za Juu Kusini

Swali ni lile lile kila wiki, linabadilisha nguo tu. "Nina Forester isiyo na turbo, mlimani inanitesa, niuze nichukue XT, ile ya turbo?" Mwingine ana Impreza 1.5 na macho yote yako kwenye WRX, Impreza ya turbo. Mwingine fundi wake amemwahidi kumfungia injini ya turbo Ijumaa, Jumatatu aende nayo kazini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimepanga hapa hatua za kufuata. Mfano wangu ni Forester kwa sababu ndiyo imejaa Mbeya, Iringa na Njombe, lakini ukiwa na gari jingine lenye toleo la kawaida na toleo la nguvu, hatua ni hizi hizi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Huku kwetu turbo ina kazi ya kweli kuliko Dar es Salaam, na sababu nitaieleza. Ila wengi wanaolalamika kwamba gari lao ni dhaifu, gari lao linaumwa. Na gari linaloumwa dawa yake iko gereji, haiko kwa dalali.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kadi ya gari lako, ujue cc, mwaka na namba ya chasisi bila kukisia.
- Rekodi ya mafuta. Jaza tenki hadi juu, andika kilomita, tembea, jaza tena, andika lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa matenki manne. "Linakula kawaida tu" siyo hesabu.
- Kifaa kidogo cha kusomea gari cha Bluetooth, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Kama huna, azima kwa fundi umeme.
- Fundi anayezijua Subaru na asiyekuuzia gari. Fundi na muuzaji wakiwa mtu mmoja, huna fundi.
- Mtu mwenye Forester ya turbo atakayekubali umpeleke mlimani na gari lake, mafuta juu yako.
- Daftari, na simu yenye intaneti ya kuingilia kikokotoo cha ushuru cha TRA.

## Hatua ya 1: Andika unataka nini hasa

Sentensi moja. "Nataka kuovateki malori bila kushika roho." "Nataka kupanda Isyonje nikiwa na familia na magunia mawili ya viazi bila kushuka hadi gia ya kwanza." "Nataka heshima nikipita Mwanjelwa." Zote ni sababu halali, hata ya tatu, pesa ni zako. Ubaya unaanza pale unapoitaka ya tatu halafu unajieleza kwa mke au mume kwa kutumia ya kwanza, maana hesabu za hatua zinazofuata hazitakaa sawa.

## Hatua ya 2: Tibu gari ulilonalo kwanza

Usiiruke hatua hii. Ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayowarudisha watu wengi nyumbani na pesa zao mfukoni.

Gari la miaka 15 au 20 likitoka Japani, likapita mikono mitatu, likatembea kwenye vumbi la Usangu na baridi ya Makete, halina tena farasi (kipimo cha nguvu ya injini) walioandikwa kwenye kitabu chake. Kagua kwa mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo:

a) Upepo wa matairi na breki zinazoshika. Endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama, pitisha mkono karibu na rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, kalipa (inayobana pedi za breki) imekwama na unaburuta gari. Watu wamewahi kulaumu injini mwaka mzima kumbe ni gurudumu la nyuma kushoto.

b) Ea klina na sensa ya hewa. Toa ea klina uiinue kwenye jua. Kama huoni mwanga, badilisha. Kuipuliza kwa kompresa mara ya tano siyo sevisi. Sensa ya hewa iliyo baada ya ea klina isafishwe kwa dawa yake ya kupulizia, siyo kwa petroli wala kitambaa.

c) Plagi na koili. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na plagi zimejificha pembeni kwenye nafasi finyu. Ndiyo maana fundi mvivu hukuambia "plagi ziko poa" bila kuzitoa. Simama hapo, ataitoa ya kwanza, utaiona. Ikiwa nyeupe kavu, au ina oili, au ncha imelika ikawa duara, umepata sehemu ya nguvu yako iliyopotea.

d) Pampu na chujio la mafuta. Gari linavuta vizuri kwenye tambarare, ukikanyaga mlimani linakata kata? Pima presha ya mafuta.

e) Katalitiki (kisafisha moshi kwenye bomba) iliyoziba. Dalili yake ni gari kuondoka vizuri, kisha ukitaka mzunguko wa juu linagoma kama limefungwa kamba. Inapimwa. Usikubali kukatiwa bomba kabla haijapimwa.

f) Kompresheni. Silinda zote nne. Namba zikipishana sana, injini imechoka, na hapo mjadala wa kuuza au kubadilisha injini unakuwa na maana.

g) Hydraulic ya giaboksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia zinateleza, na sehemu ya nguvu inaishia kuwa joto tu.

Ukimaliza, rudi kwenye mlima ule ule uliokuwa unakutesa, gia zile zile, mzigo ule ule. Ukiridhika, acha kusoma, umeshajibiwa.

> Kosa la kawaida: kuuza gari lenye plagi zilizokufa, kununua XT yenye plagi zilizokufa, halafu kusema "mbona tofauti siyo kubwa".

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwinuko

Nadharia ni hii tu, haizidi hapa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, na kwa kila mita 1,000 za mwinuko inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Forester SG5 (ya 2002 hadi 2007) isiyo na turbo iliandikwa karibu farasi 140 ilipotengenezwa. Pale Kabwe unaendesha kama farasi 116. Barabara ya Tukuyu inapopita Isyonje unavuka mita 2,000, na ukikata kwenda Kitulo unapoteza zaidi. Teremka Kyela, karibu na ziwa, kwenye mita 500 hivi, gari lile lile linaamka. Wenye kwao Kyela wanaijua hii: kwenda gari ni mtoto, kurudi ni mzee.

Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya kinachopotea. Ndiyo maana tofauti ya XT na gari la kawaida ni kubwa zaidi Njombe kuliko Kigamboni. Toleo kwa toleo, namba za Japani ziko hivi:

- SG5 (2002 hadi 2007): ya kawaida karibu 140, turbo 220.
- SH5 (mwishoni mwa 2007 hadi 2012): ya kawaida karibu 148, turbo 230.
- SJ (mwishoni mwa 2012 hadi 2018): ya kawaida 148, turbo 280. Ya turbo huandikwa SJG kwenye namba ya chasisi, siyo SJ5.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Turbo ikiwa bado haijajaza, injini ile inapumua hewa nyepesi kama sisi wengine. Ukianza kupanda kutoka kusimama, kama pale Ipogolo kuingia Iringa mjini, sekunde ya kwanza na ya pili XT ya zamani inaweza kuonekana zembe, kisha inakurusha. Aliyezoea gari la taratibu anashtuka, anaachia, anakanyaga tena, gari linaruka ruka. Inazoeleka, ila ijue kabla hujalipa.

## Hatua ya 4: Ipeleke turbo kwenye barabara yako

Kuendesha kuzunguka uwanja wa muuzaji hakukuambii kitu. Chukua gari la yule mwenzako, au unalotaka kununua, ulipeleke kwenye njia yako ya kila siku, na watu wanne ndani.

1. Anza na injini ya baridi. Asubuhi ya Juni au Julai ndiyo nzuri. Sikiliza dakika ya kwanza: kugonga kunakoisha baada ya injini kupata joto ni jambo la kumuuliza fundi, kusikoisha ni jambo la kuondoka.
2. Panda mlima wako bila kushindana. Wa Mbeya, Uyole kwenda Isyonje. Wa Iringa, Ipogolo, au shuka hadi Ruaha Mbuyuni upande Kitonga. Wa Njombe hamhitaji kuelekezwa mlima.
3. Sehemu iliyonyooka, mchana, mstari wa katikati ukiwa umekatika na mbele peupe, toka spidi 60 hadi 90. Abiria apime sekunde kwa simu. Fanya hivyo na gari lako pia, mahali pale pale. Tofauti ya sekunde ndiyo unayoinunua. Iandike.
4. Teremka. Hapa watu wanasahau kabisa. Angalia breki zinavyoshika mara ya tano na ya sita, siyo mara ya kwanza.
5. Ukifika chini, soma joto kwenye kifaa chako. Linapaswa kuwa limetulia, nyuzi 85 hadi 98 hivi. Likipanda kwa kila mlima na kushuka kwa kila tambarare, kuna kazi inakusubiri.

Halafu jiulize swali moja la ukweli kuhusu safari zako. Kati ya Igawa na Makambako, kinachokuchelewesha ni nini? Mara nyingi ni malori ya Zambia na Kongo yaliyofuatana, mstari usiokatika, na vibao vya 50 kila kijiji. Turbo haiondoi kibao. Ukipigwa tochi Chimala, faini ni shilingi 30,000 kwa XT na kwa gari la kawaida, ila mwenye XT anapigwa mara nyingi zaidi, na tusidanganyane. Faida yako halisi ni zile nafasi fupi za kuovateki. Zina thamani, kwa sababu muda unaokaa upande usio wako unapungua. Ila Mbeya hadi Iringa hutafika mapema kiasi cha kumwambia mtu.

## Hatua ya 5: Weka gharama ya miaka mitatu

Bei ya kununua ni mlango tu. Chora safu mbili kwenye daftari, gari lako na la turbo.

Ushuru, ukiagiza Japani. TRA hawatozi turbo. Wanaangalia cc, umri na thamani ya gari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18, na ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 ikizidi 2,000. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, la zaidi ya 10 linaongezewa 30. Kuna na tozo nyingine ndogo. Forester ya 2.0 yenye turbo na isiyo na turbo ziko kundi moja la cc, zinatofautishwa na thamani. Ukitamani ya 2.5, umevuka mstari. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA siku unayotaka kuagiza, usitumie namba ya jirani.

Mafuta. Tuseme la kawaida linakupa kilomita 10 kwa lita na la turbo 7.5, ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi. La kwanza linataka lita 150, la pili lita 200. Lita 50 za ziada kwa mwezi, 600 kwa mwaka, 1,800 kwa miaka mitatu. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mji wako, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tumia ya Mbeya au Njombe, siyo ya Dar es Salaam, kwetu iko juu.

Kisha fungua kifuniko cha tenki. Turbo nyingi za Japani zina kibandiko cha kutaka petroli ya premiamu, na premiamu ya kwao ina oktani kubwa kuliko ya pampu za kawaida hapa. Gari lenyewe hujilinda kwa kurudisha nyuma muda wa plagi kuwasha mafuta, na unapoteza nguvu kidogo. Linavumilika. Kisichovumilika ni kuongeza boosti, yaani presha ya turbo, juu ya mafuta hayo.

Sevisi. Oili ya turbo ni sintetiki, na ibadilishwe kila kilomita 5,000. Siyo 7,000 kwa sababu mwezi ni mbaya. Taimingi belti ya injini za EJ, za SG5 na SH5 za turbo, ni kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. SJG inatumia cheni.

Bima. Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Thamani ikipanda, na bima inapanda.

Akiba. Tenga pesa ya kununua turbo nyingine. Hujaipata, hujawa tayari.

## Hatua ya 6: Chagua njia

Njia ziko tano, na hazilingani hata kidogo.

*Kubaki.* Hatua ya 2 ikifanyika vizuri, ndiyo jibu la wengi.

*Kununua gari lililotoka kiwandani na turbo.* Kama unataka nguvu, hii. Kiwanda kimeweka rejeta, pampu ya mafuta, giaboksi, breki na kompyuta vinavyolingana na injini.

*Kuchukua gari la injini kubwa isiyo na turbo.* Linapoteza nguvu na mwinuko kama mengine, lakini linaanzia juu na halina turbo ya kufa. Kwa anayebeba mzigo na hana haraka, ni chaguo la busara kuliko watu wanavyodhani.

*Kubadilisha injini, kutoka ya kawaida kwenda ya turbo.* Fundi atakutajia bei ya injini. Hatakutajia kompyuta, waya zake zote, intakula (kipoza hewa ya turbo), pampu ya mafuta, rejeta, bomba la moshi, giaboksi inayohimili, na breki. Nunua nosikati kamili, yaani sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa na injini yake, au usinunue kabisa. Na namba ya injini iko kwenye kadi, kwa hiyo ikibadilika nenda TRA na risiti za injini ukarekebishe kumbukumbu. Siku unauza, au siku ya ajali na bima wanakagua, ndipo utajua thamani ya karatasi ile. Nimeona gari zuri likikaa miezi bila mnunuzi kwa sababu kadi inasema kitu kimoja na bloku inasema kingine.

*Kufunga turbo kwenye injini isiyokuwa nayo.* Usifanye. Injini hiyo ina mkandamizo mkubwa na pistoni ambazo hazikuundwa kwa mzigo huo. Itanoki, yaani mafuta yatalipuka vibaya ndani ya silinda, na haitanoki karibu na nyumbani.

> Kosa la kawaida: kuona pua ya kuingizia hewa kwenye boneti ukadhani ni turbo. Boneti hununuliwa. Fungua uangalie kama intakula ipo chini yake, kisha soma namba ya modeli kwenye kibati na uilinganishe na kadi.

## Hatua ya 7: Kagua turbo uliyoichagua

Nenda na fundi wako, mchana, gari likiwa halijawashwa tangu usiku. Ukikuta boneti ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi.

Anza na kijiti cha oili. Injini hizi zinakufa kwa kukosa oili kuliko kwa kukimbizwa. Oili ikiwa chini ya alama, mwenye gari hakuwa anaangalia, na kama hakuwa anaangalia kijiti hakuwa anaangalia kitu.

Fungua mfuniko wa rejeta wakati injini ni ya baridi. Maji yawe safi, yenye rangi ya kulanti, yasiwe ya kutu wala yenye utando wa mafuta. Washa injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni siyo kitu, yakiendelea bila kukoma, gasketi ya silinda hedi inavuja. Na mfuniko wenyewe uutazame, mpira na springi yake. Maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, na kinachozuia rejeta isichemke ni presha inayoshikwa na mfuniko huo. Mfuniko uliochoka, ambao Tanga ungevumilika, huku unakuchemshia gari mlimani.

Toa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, imekwisha. Oili nyepesi ndani ya mpira isikutishe, ila ikimwagika kama kijiko, ulizia bei ya turbo kabla hujaulizia bei ya gari.

Mwachie mtu aache gari likiunguruma dakika tano, kisha akanyage ghafla, wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu, ni maji. Mweusi kidogo ni mafuta yamezidi.

Matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawa. Kwenye Subaru hili siyo urembo: magurudumu yote yanavuta, na tairi moja jipya kati ya matatu yaliyokwisha linaua mfumo wa kugawa nguvu. Zungusha usukani hadi mwisho, tembea taratibu kwenye duara. Likikaza na kuruka ruka, umeona.

Mwisho uliza taimingi belti ilibadilishwa lini. Jibu la "juzi juzi" maana yake ni haijabadilishwa, na bei yake itoke kwenye bei ya gari.

## Hatua ya 8: Breki na matairi kabla ya kitu chochote

Umenunua. Wiki ya kwanza, kabla ya muziki na rimu: oili, hydraulic ya breki, pedi, diski zilizopinda, matairi, maji ya rejeta.

Sababu ni hii. Gari linaloshuka kwa spidi 110 lina karibu mara mbili ya nguvu ya mwendo ya kuzimwa kuliko lile lile kwa 80. Breki zile zile. Sasa weka hiyo kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, au Kitonga, lori likiwa limesimama kwenye kona. Teremka na gia ya chini na uiache injini ishike, breki iwe ya kusahihisha. Gari likiwa la oto, vuta kwenda gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati.

Na ile habari ya kuacha gari likiunguruma dakika tano kabla ya kuzima? Ukitoka Kitonga juu, hadi ufike Ilula kununua vitunguu turbo imeshapoa njiani. Kinachoumiza ni kupanda kwa nguvu na kuzima pale pale juu. Ikitokea umesimama hivyo, dakika moja ya kuunguruma inatosha.

## Ukikutana na shida

Turbo ipo, nguvu hakuna. Kabla ya kulaumu turbo, kagua mipira ya hewa na intakula. Klampu iliyolegea inamwaga boosti yote nje, na mara nyingi unasikia mlio wa upepo ukikanyaga. Kisha soma kodi za hitilafu kwa kile kifaa cha Bluetooth. Taa ya cheki injini ikiwaka, gari linaweza kuwa limejifunga lenyewe.

Mlio kama kokoto ndani ya bati, ukikanyaga mlimani kwenye gia ya juu. Injini inanoki. Achia, punguza gia, mzunguko upande. Badilisha kituo cha mafuta kwenye tenki linalofuata. Ukiendelea, gereji, na usisubiri mwisho wa mwezi.

Joto linapanda mlimani tu. Mfuniko wa rejeta kwanza, kisha feni zote mbili, kisha rejeta iliyoziba, kisha gasketi. Kwa mpangilio huo, kwa sababu ndiyo mpangilio wa bei. Kutoa thamostati na kuendesha bila hiyo siyo tiba: asubuhi za Makambako injini haitapata joto lake, na oili ya baridi inaimaliza turbo.

Moshi wa bluu asubuhi, unaisha. Yaweza kuwa sili za turbo au za valvu. Angalia kijiti kila Jumamosi, andika inapungua kiasi gani. Kiasi ndicho kitakachomwambia fundi aanzie wapi.

Breki zinanuka na pedali inakuwa laini mwisho wa mteremko. Hydraulic imechemka au ni ya zamani. Simama mahali salama, acha zipoe bila kumwagia maji, kisha ukabadilishe hydraulic yote, DOT 4. Ibadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halisafiri.

Linakula mafuta kuliko ulivyopiga hesabu. Rudia kipimo cha matenki manne. Kisha mpe mtu mwingine aendeshe tenki moja, njia zile zile. Namba ikipanda kuwa nzuri, tatizo limekaa kwenye kiti cha dereva. Isipobadilika, anza na sensa ya oksijeni, plagi, na ile kalipa ya nyuma kushoto.